Kijiko cha Mama, Kijiko cha Binti

Fundi cherehani huyu wateja walimbandika jina la Sindano, na jina likamkaa kuliko gauni lolote alilowahi kujishonea. Mwembamba, hata upepo ukimpitia haupigi hodi. Wala wembamba wenyewe hakuzaliwa nao; aliufanyia kazi kwa njaa, miaka nenda miaka rudi. Mwaka huu hali wali, mwaka ujao hagusi mkate, halafu mtu akamwambia maji ya ndimu yanayeyusha tumbo, naye akayanywa mpaka meno yakafa ganzi. Magauni yake aliyashona yakimbana kidogo, makusudi, nguo imchunge kama askari jela.

Ndipo siku moja akazimia, akaanguka juu ya cherehani, mteja kasimama na kitambaa chake begani. Muuguzi wa kliniki alimpima, akatikisa kichwa.

"Mama, achana na dayati. Ukisikia njaa, kula unachotaka. Ukishiba, acha. Mwili una akili zake."

Maneno mepesi! Hata mtoto mchanga anayajua bila kufundishwa. Sindano alirudi nyumbani, akakaa jikoni akiingoja njaa kama mtu anayemngoja mgeni aliyemfukuza mwenyewe. Asubuhi haikuja. Mchana alisikia kitu tumboni, akafurahi, kumbe gesi. Jioni ikaja yote kwa mkupuo, akala mkate mzima akiwa wima, kisha akateremka sakafuni akalia. Hakujua kama ameshiba au amechoka kutafuna.

Dada yake mkubwa akaja kumjulia hali. Huyo alikuwa na mwili wake, tena haukumnyima usingizi.

"Mdogo wangu, njaa si mkwe, ya nini kuionea haya?"

"Dada, siisikii."

"Utaisikiaje? Umeifokea inyamaze miaka yote, nayo ina adabu, imenyamaza." Wakacheka. Kisha dada akashusha sauti, akaelekeza kidevu mlangoni. "Yako tutaingoja. Mimi naogopa ya yule."

Yule alikuwa binti wa Sindano, mwanawe wa pekee, wa darasa la tano. Alikuwa akicheza na vipande vya vitambaa, na sketi yake ya shule ameibana kiunoni kwa pini. Fundi anayejua kiuno cha mteja kwa kutupa jicho tu, cha mwanawe hakukiona.

"Juzi nilimpa viazi kwangu," dada akasema. "Akaniambia, 'Ahsante, nimeshiba, nilikula nyumbani.' Sauti yako ile ile, neno kwa neno. Haya niambie, nyumbani alikula nini?"

Sindano akainama, akaokota uzi ambao haukuwa na kazi.

Kesho yake mchana akapakua sahani mbili, wali na mayai. Siku zote alimpakulia mtoto peke yake, mwenyewe akaaga kwamba ana gauni la watu la kumaliza. Leo akavuta kiti. Mtoto akamtazama kama anayemwona kuku amevaa viatu.

"Mama, na wewe unakula?"

"Nakula."

"Una njaa?"

Uongo ulikuwa tayari mdomoni, umezoea njia. Akaumeza. "Sijui, mwanangu."

Akala kijiko, mtoto akala kijiko. Akatua kijiko, mtoto akatua chake. Akachota kidogo, ncha tu. Mtoto naye akachota ncha tu, wala hakuitazama sahani, alitazama mdomo wa mama yake.

"Kula, usiniangalie mimi."

"Nikila kukupita nitanenepa."

"Nani kakwambia hivyo?"

"Hakuna."

Afadhali angetaja mtu. Sindano angejitupia khanga begani, akaenda kumgombeza huyo mtu mlangoni kwake.

"Umeshiba?" akauliza.

"Wewe je?"

Sindano akalisikiliza tumbo lake. Gauni lilimkaba chini ya mbavu, na ndani kimya, kama nyumba iliyohamwa. Akisema ameshiba, mtoto ataweka kijiko chini. Akisema ana njaa, atakuwa amedanganya tena, na uongo ndio uliowafikisha hapo.

"Bado sijajua," akasema, akajaza kijiko.

Mtoto akafikiri, naye akajaza chake. Wali ulikuwa umeshapoa. Wakaendelea kula polepole, macho kwa macho, kila mmoja akimngoja mwenzake aseme basi.