Tezi Iliyosinzia Jikoni

Usiku wa jana, nilipomaliza sala, niliota niko darasa la jioni, hapa Njombe, nimevaa masweta matatu. Kabla ya kulala nilikuwa nimemwambia Mungu kwamba dawa zangu za VVU zimeshindwa: miezi minne ni uchovu, baridi na usingizi tu. Kesho naziacha.

Mwalimu Luvanda anaita mahudhurio.

"Kirusi!"

"Nipo," linajibu dawati tupu.

"Mbona hatukuoni?"

"Kipimo cha wingi wa virusi kilisema sionekani, mwalimu, nami natii. Mama Mligo, huyu mwenye masweta matatu, anameza dawa kila asubuhi, nitajitokezaje? Lakini akichoka, Kirusi. Akihisi baridi, Kirusi. Juzi kateguka mguu, Kirusi! Jamani, mimi ni mbaya, sikatai, ila hayo siyo yangu."

Nikaona aibu. Kliniki tukiulizana hali, mtu hajamaliza kueleza, benchi zima limeshajibu: "Si unajua tena, ni mdudu."

Darasa sasa ni jiko la shule. Mbele ya mafiga ameketi mama mfupi mwenye mabawa ya kipepeo, amesinzia na mwiko mkononi. Moto umebaki majivu.

"Shikamoo, mama. Wewe ni nani?"

"Marahaba. Mimi ni tezi ya shingoni mwako, ile yenye umbo la kipepeo. Moto wote wa mwili wako nauchochea mimi."

"Mbona umelala?"

"Naumwa, mwanangu. Miezi minne, nani kaniuliza?"

"Nilidhani dawa zimeshindwa. Nilitaka kuziacha."

"Uziache, yule asiyeonekana aonekane?"

Nyuma yangu Kirusi akakohoa kwa adabu. "Nitashukuru sana," akasema.

"Wewe nyamaza!" Tezi akamnyooshea mwiko, kisha akanigeukia. "Nenda kwa sista wa kliniki. Mwambie damu ipimwe kwa ajili yangu. Akikujibu ni mdudu, usiinuke kitini."

"Siinuki," nikasema. "Kwa jina la Yesu, siinuki."

"Amina," kikasema kiti.

Nikaamka. Kumekucha. Nikapiga magoti, nikatubu maneno ya jana, nikachukua kidonge na kikombe cha maji, nikasimama mbele ya kioo.

Nilipomeza, uvimbe mdogo kama punje ya harage, chini ya koo langu, pale penye tezi, ukapanda, kisha ukashuka.

Nikaanza kutafuta kadi ya kliniki na viatu.