Khanga za Mama Mkwe

Kasimiri alikuwa fundi wa vinyago, tena fundi hasa. Temeke nzima hakuna aliyeujua mpingo kama yeye, na hilo halina ubishi. Ubaya wake ulikuwa mdomo. Mkewe, Anjelina, alikuwa Mrangi wa Kondoa, na kila alipowasimulia wageni habari za watu wekundu waliochorwa na wahenga kwenye miamba ya kwao, Kasimiri alimkatiza kwa kicheko. "Wenzao wanalima, wao wanapaka mawe rangi," alisema. Wageni walicheka, na Anjelina alicheka nao huku moyo unamuuma.

Mwaka ule watu walipokuwa wanahamishiwa vijiji vya ujamaa, mnunuzi mmoja wa Kizungu alifika kibandani kwake akataka vinyago vyenye maumbo ya wale wale watu wa miambani. Kasimiri hakucheka tena. Alitangaza safari.

"Twende wote," Anjelina alimsihi. "Mama sijamwona tangu niolewe. Na wewe mkweo hujamtia machoni hata siku moja."

Ni kweli. Mahari aliituma kwa mikono ya watu, na ukweni hakuwahi kukanyaga.

"Mie naenda kazini, siendi ukweni," alijibu. "Mwanamke safarini ni mzigo."

Anjelina alilia, halafu akatoa doti ya khanga aliyoipangia foleni duka la ushirika. "Basi mpelekee hizi. Uliza Demetria, mjane wa katekista. Wamewahamisha, lakini watu watakuelekeza." Kasimiri alizisokomeza kwenye mkoba, chini ya tezo na patasi. Balozi wa nyumba kumi naye alimshauri achukue barua ya safari. Alijibiwa kwamba uhuru haukuletwa ili mtu aombe ruhusa ya kwenda kutazama mawe.

Alipanda basi hadi Dodoma, jingine hadi Kondoa, akadandia lori la mahindi, kisha akaenda kwa miguu. Watu wa njiani walijitolea kumwongoza, akawakatalia. Alipanda mlima peke yake, akafika chini ya mwamba ulioinama, akawaona wale watu wekundu.

Walikuwa wembamba, warefu, vichwa vikubwa, na twiga katikati yao. Kasimiri alisahau hata kiu. Kwa mara ya kwanza maishani aliona kazi ya mikono iliyomzidi, na jambo hilo lilimkera kuliko lilivyomfurahisha. Isitoshe, vumbi lilikuwa limewafunika, wala hakuweza kuziona nyuso.

Chini bondeni alikuwa anapita mwanamke mzee na debe la maji kichwani.

"Wee bibi!" aliita, bila shikamoo wala hodi. "Lete maji hayo huku!"

"Mwanangu, haya ni ya kupikia, na kisima kiko mbali," yule mama alijibu. "Tena michoro ile haimwagiwi maji. Inakufa."

"Nimetoka Dar es Salaam, sikuja kufundishwa na wewe. Lete!"

Mama alipanda, mkono mmoja kwenye debe, mwingine kwenye goti. Kasimiri alitafuta kitambaa mkobani, akazipata khanga, akazichovya na kuanza kusugua. Rangi iliwaka, nyekundu kama nyama mbichi. Kisha ikaanza kuchuruzika, na mtu mmoja akabaki hana kichwa. Kasimiri alisonya. "Kalete debe lingine," alisema.

Mama alikwenda. Alirudi na mwenyekiti wa kijiji, Fakihi, pamoja na mgambo wawili.

Ofisini Fakihi aliuliza barua ya safari. Hakuna. Mwajiri? Hana.

"Wanaokuja kutazama mawe ni Wazungu," Fakihi alisema. "Wewe ni mzururaji wa mjini. Sie wazururaji tunawapa jembe."

Kasimiri alidakia. "Mie si mgeni, ndugu mwenyekiti! Mie ni mkwe wa Demetria, mjane wa katekista. Hata khanga zake nimemletea, hizo hapo!"

Khanga zilikuwa mezani, zimelowa, zimejaa wekundu. Yule mama aliyekaa mlangoni na debe lake tupu alinyanyuka, akazikunjua taratibu.

"Demetria ni mimi," alisema.

Kasimiri alitamani ardhi immeze. Mkwe hatazamwi usoni, hata njiani hupishwa; yeye kamtuma kama punda. Alipiga magoti. "Shikamoo, mama."

Mama hakusema marahaba. Alimgeukia Fakihi. "Mwanangu hunitumia salamu kwamba mumewe ana adabu na anatutamani sana huku ukweni. Mwanangu si mwongo. Huyu siye."

Kasimiri alipewa jembe. Viganja vyake vya kushika patasi vilitoka malengelenge, yakapasuka, yakatoka mengine. Kila jua lilipozama alijipa moyo: ujumbe wa kumuulizia umekwenda Temeke, Anjelina atakuja, na Anjelina hajawahi kumnyima kitu.

Na kweli alikuja. Kasimiri aliitwa kutoka shambani, akamkuta ofisini amesimama na mama yake, amejifunga zile khanga. Zilikuwa zimefuliwa, lakini wekundu haukutoka. Mama na binti walikuwa wametoka kule mwambani, kumwona yule mtu aliyebaki hana kichwa.

"Binti," Fakihi alisema, "huyu ni mumeo?"

Anjelina alimtazama Kasimiri kuanzia miguuni mpaka kichwani.

"Ndiye," alisema.

Kasimiri alibubujikwa na machozi. Alimpenda mkewe saa ile kuliko siku zote.

"Ndiye, na mwajiri kweli hana," Anjelina aliendelea, sauti yake haitikisiki. "Kibanda nimeshawakabidhi mafundi wengine. Mie nimekuja kumchukua mama, anahamia kwangu Temeke. Ili kijiji kisipungukiwe mtu, nawaachia huyu."

Kasimiri alifungua mdomo, ule mdomo wake, asipate la kusema. Fakihi alifikiri kidogo, akaona hesabu inakubali.