Picha ya Alfhild

Kila Pasaka wachoraji wa Österlen, kusini mwa Sweden, hufungua karakana zao, na kila mmoja hutundika picha moja katika ukumbi wa pamoja wa maonyesho, ili wageni wa siku moja wachague waende kwa nani. Kwa Sixten hakuwa akifika mtu. Mwaka huu akaona liwalo na liwe: akatundika picha pekee aliyoacha marehemu mkewe Alfhild, shamba la viazi ndani ya ukungu. Jina akaandika lake mwenyewe, si la mkewe.

Magari yakajaa kwake mpaka barabarani. Wageni wakaingia karakanani, wakatazama picha zake ukutani, nyuso zikawashuka.

"Mzee, zingine kama ile ziko wapi?" akauliza mama mmoja kutoka mji wa Malmö.

"Ninazo hizi tu."

"Hizi? Usinitanie bwana! Mchoraji wa ile kapatwa na nini?"

"Alikufa Januari."

Mama akaangua kicheko, akamgonga mumewe kiwiko. "Unamsikia? Angalau mdomo bado anao!"

Wakanywa kahawa yake, wakamaliza mikate yake ya mdalasini, wakaenda zao kuangalia mawe ya kale, kivutio kingine cha huko.

Jioni Sixten akaenda ukumbini kuichukua picha. Akakuta msumari mtupu, na msimamizi wa ukumbi akimkimbilia kumkumbatia.

"Hongera, Sixten! Hatimaye umeuza!"