Valvu ya Mlimani

Dada yangu ni mkunga kwenye zahanati ya mlimani. Ijumaa mkaguzi angekuja, na akikuta bomba kavu, wodi ya wazazi ingefungwa.

"Mdogo wangu, si wewe unayefungua maji ya mji mzima?" aliniuliza kwenye simu. "Au hiyo spana unaishika kwa ajili ya picha?"

Nilimwendea mhandisi wetu wa maji. Mvua zilikuwa zimetutupa mwaka wa tatu, bwawa limebaki tope, na ukutani kwake palining'inia ramani mpya ya mgao. Mlima wenye nyumba elfu tisa ulikuwa doa la kijani: vichaka.

"Mkuu, pale kuna watu."

"Kwenye ramani hawapo."

"Wanazaliwa kila siku, mkuu. Dada yangu ndiye anayewapokea."

"Basi awaambie wasubiri awamu ya pili!" Akacheka mwenyewe. "Maji ni ya maghorofa ya bondeni. Usinifundishe kazi."

Nilitoka ofisini kwake kwa hasira. Alhamisi mchana, wenzangu wakiwa wanakula, niliinua mfuniko wa chemba yenye valvu ya mlima. Valvu ile haikuwa imeguswa tangu fundi wa zamani, Mzee Spana, apunguzwe kazini. Walisema kompyuta inajua yote aliyoyajua. Mzee aliiacha valvu wazi kidogo, ndiyo maana zahanati ilipata matone ya kukinga kwa ndoo.

Kufungua ni kushoto. Fundi gani hajui? Mzunguko wa tatu ukagoma. Kutu, nikajisemea. Nikarefusha mpini kwa kipande cha bomba, nikaning'inia mzima mzima. Kitu kikalia ta! Spana ikazunguka bure.

Dada akapiga simu. "Umefanya nini? Hata yale matone yamekata!"

Nikampigia Mzee Spana.

"Ile ni ya zamani, mjukuu wangu. Inafunguka kulia. Zipo tano za namna hiyo mjini. Mbona hukuniuliza?"

Mimi, mwenye cheti, nimuulize mtu aliyepunguzwa?

"Shina la valvu limekatika, mzee."

"Basi mpaka wachimbe, waweke mpya."

Kuchimba kunataka kibali. Kibali kinataka mtaa uwe kwenye ramani.

Ijumaa mkaguzi akabandika karatasi ya kufunga wodi mlangoni. Mama mmoja aliyeshikwa na uchungu aliteremshwa mlima kwa toroli la mchanga, dada yangu akimshika mkono. Walinipita barabarani. Dada hakunitazama.

Jumatatu mhandisi alituita sote mbele ya ramani. Kwenye kompyuta yake, mstari wa maji yanayokwenda mlimani ulikuwa umelala chini kabisa.

"Upotevu wa maji vichakani: sifuri! Huyu kijana majuzi alinibishia, kumbe ni mtu wa kazi. Mpigieni makofi."

Wakapiga. Nilifungua mdomo niseme, nikaukumbuka mshahara wangu, nikaufunga. Mpiga picha wa ofisi akanisogeza karibu na lile doa la kijani.

"Inua spana kidogo, kaka. Hapo hapo."

Nikainua.