Mahali pa Kuoshea Bomba

"Mwangaluka, mayu," Nyamizi alimsalimu mama yake kwa Kisukuma, akishuka kwenye baiskeli ya kukodi.

"Mwangaluka. Dawa iko wapi?" Felisita aliuliza kabla mwanawe hajatua begi.

Miaka yote ya pamba walikuwa wakioshea bomba la kupulizia sumu nyuma ya zizi. Tangu ushirika wa pamba ufe na wanunuzi binafsi waingie Dutwa, sumu ya wadudu iliuzwa hata kwenye chupa za soda. Sasa pale hapakuota hata magugu, na kuku aliyedonoa pale hakufika jioni. Chini kidogo ya pale palikuwa na kisima, na mvua zilikuwa karibu.

Nyamizi alikuwa akisomea shahada ya uzamivu Dar es Salaam: kubadilisha bakteria ili wale sumu ya mashambani. Felisita alikuwa amemsubiri kuliko alivyosubiri mvua.

"Bakteria wako maabara, mayu. Sumu wanaila vizuri. Ila siruhusiwi kuwatoa nje bila kibali, na sheria ya kibali bado inaandikwa."

"Na hii sumu ilikuja kwa kibali cha nani?"

Nyamizi alitoa kopo. "Nimekuja kuchukua udongo wa hapa, nikawajaribu nao maabara."

"Wewe na wanunuzi wa pamba ni watoto wa mama mmoja. Mnakuja, mnajaza, mnaondoka."

"Mama mwenyewe si wewe?"

Felisita nusura acheke. Akashika jembe badala yake. "Basi tuuchimbe wote, tukautupe."

"Tukautupe wapi? Kwa Milembe?"

Jembe likabaki juu. Milembe alikuwa jirani mwema.

"Kumbe umesoma miaka yote hiyo uje kuniambia niache?"

"Nakuambia tuzuie maji ya mvua yasipite hapa."

Wakachimba mtaro upande wa juu, wakapazungushia miiba. Kufikia alasiri viganja vya Nyamizi vilikuwa vimetoka malengelenge.

"Huko chuoni jembe hamfundishwi?"

"Tunafundishwa kuliandika."

Felisita akasonya. Nyamizi alijaza udongo kwenye kopo, akalifunga, kisha akatoa jingine, akaelekea kisimani.

"Hilo la nini tena?"

"La maji." Nyamizi hakugeuka. "Usinywe mpaka nitakapoleta majibu."

"Lini?"

"Sijui, mayu."

Felisita alitazama mtungi wa maji ya kisima mlangoni. Asubuhi ile alikuwa amekunywa, akapikia uji, akawapa na wajukuu anaoishi nao. Aliuinua, akaumwaga wote juu ya miiba, kisha akachukua ndoo, akashika njia ya kwa Milembe kuomba maji, bila kuaga.