Dakika Saba za Pasi

Kipaza sauti kilikuwa bado na joto la kiganja cha baba nilipokishika. Kwenye kitambaa cheupe ukutani, mwanamke alikuwa anapiga pasi mashati ya mumewe, na saa iliyokuwa nyuma yake ilionyesha saa kumi na dakika ishirini. Watu sitini kwenye mabenchi walinisubiri niseme kitu. Mimi, ambaye hata hodi nilikuwa naiitikia kwa kunong'ona.

Baba alikuwa mtafsiri wa filamu. Walimwita Kasuku. Filamu zilikuja na lugha za watu, naye akikaa kwenye kiti chake pembeni ya ukumbi alizigeuza kuwa zetu: alikuwa mume, mke, mtoto, na mbwa pia. Jambazi akipigwa risasi, baba alimpa maneno ya mwisho ambayo mwenye filamu hakuyawaza. Palipokuwa na kimya alibonyeza rimoti akapeleka mbele.

"Kimya ni mfupa," aliniambia. "Mgeni hapewi mfupa."

Mwaka ule sauti yake ikaanza kukwaruza. Daktari alimwangalia koo, akasema kuna uvimbe, na kwamba ukitolewa, sauti itaondoka nao. Upasuaji ukapangwa Jumatatu asubuhi. Baba akasema Jumapili alasiri atatafsiri filamu moja ya mwisho.

"Na nitaimaliza," alisema. "Sijawahi kumwacha mtu njiani."

Alichagua ile aliyoikwepa miaka miwili. Hadithi yake ni ya dakika themanini na nane, na filamu yenyewe ni dakika themanini na nane. Mwanamke ana tiketi mfukoni mwa aproni. Treni inaondoka muda huo ukiisha. Mume yuko kazini. Ni hayo tu. Hakuna anayezeeka humo, hata kukucha hakukuchi.

Siku tatu alifanya mazoezi nyumbani, nami nikiwa pembeni napiga pasi nguo za watu. Ndiyo kazi niliyoishika baada ya kuacha shule darasa la tano. Mwalimu alinisimamisha nisome kwa sauti, maneno yakanikwama, darasa likacheka. Kesho yake sikurudi. Baba hakunilazimisha, lakini najua ilimuuma: yeye aliyekula kwa mdomo wake, kumzaa bubu.

Siku ya pili ya mazoezi aliruka zile dakika saba ambazo mwanamke anapiga pasi bila kusema neno. Aliporudi kwenye hadithi, saa ya ukutani ilikuwa imeruka pia.

"Baba, umemwibia muda wake," nilisema.

"Muda gani, mama? Anapiga pasi tu."

"Ndiyo. Lakini ndipo anapoamua."

Akairudisha filamu nyuma.

Jumapili ukumbi ulifurika. Fundi viatu, rafiki yake wa siku nyingi, alikaa benchi la mbele. Baba alianza vizuri, akawachekesha, akawanyamazisha. Dakika ya hamsini, pasi ilipoanza, sauti ikakatika kama uzi. Alikunywa maji. Akafungua mdomo, ikatoka pumzi tupu.

"Kasuku kapaliwa na karanga!" fundi viatu akapaza sauti, na ukumbi ukaangua kicheko. Hawakujua. Baba hakuwa amemwambia mtu.

"Peleka mbele, bwana!" akadakia mwingine. "Nimekuja kutazama pasi? Mashati kwangu yamejaa tele!"

Baba akaitazama rimoti. Akaiweka kwenye kiti, akaikalia. Kisha akanitia kipaza sauti mkononi.

Nilitamani ardhi inimeze. Niligeukia picha kwa sababu watu sikuweza kuwatazama.

"Ameanza na kola," nikasema.

"Sauti, binti Kasuku!"

"Ameanza na kola. Inapigwa kutoka nchani kuja katikati, ukianzia katikati inajikunja. Huyu kazi anaijua." Nikavuta pumzi. "Shati la pili. Ana haraka. Tazameni, amepita juu ya mkunjo na hakurudi. Anataka kwenda."

Hakuna aliyecheka.

"La tatu hili... amelinusa. Sasa mkono umekuwa mzito. Kola imeshanyooka, lakini anairudia. Hapo hapigi pasi tena."

"Anafanya nini?" aliuliza fundi viatu, kwa sauti ya chini.

"Anaaga."

Dakika zilizobaki nilizisema zote. Mume alipopiga simu, alisema kwa sauti yangu nyembamba na hakuna aliyelalamika. Filamu inaishia mkono wa mwanamke ukiwa kwenye kitasa, treni ikisikika mbali.

"Sasa kaenda au hakwenda?" fundi viatu akasimama. "Usituache hivyo, mwanangu!"

Nikamtazama baba. Kasuku wa zamani angempandisha treni na kumtafutia mume mpya humo humo. Safari hii alitikisa kichwa.

"Mashati yamekunjwa," nikasema. "Na pasi ameichomoa."

Fundi viatu akakaa taratibu. Baba alinishika bega.

Kesho yake nilikaa kwenye benchi la hospitali kwa muda wa saa tatu na ushee, nikitazama mlango uliofungwa. Rimoti ya kupeleka mbele sikuwa nayo.

Huu ni mwaka wa nne nikiwa kwenye kile kiti. Baba hukaa mbele, kando ya fundi viatu, skafu shingoni. Nikiharakisha, hugonga benchi kwa kifundo cha kidole, mara moja tu, nami nikapunguza mwendo.

Jumapili iliyopita tuliionyesha tena. Pasi ilipoanza, nilikishusha kipaza sauti mapajani. Dakika saba nzima sikusema neno. Hakuna aliyekohoa.

Baba hakugonga.