Kona za Kufuli

Mjinga wa siku ile alikuwa Kufuli. Tuseme hivyo mapema, asije mtu akahangaika kutafuta mwingine wa kumtupia lawama. Yeye mwenyewe habishi.

Kazi yake ilikuwa kuandika vibao vya maduka. Jioni alikuwa beki wa timu ya mji, na jina alibandikwa kwa sababu mshambuliaji akifika kwake, basi, pamefungwa. Huo ndio mwaka timu za nchi nzima zilishindania ubingwa mmoja kwa mara ya kwanza. Zamani kila mji ulijitangaza bingwa wenyewe, na nani angeubishia? Sasa fainali ilikuwa nyumbani, na Kufuli, kwa kiherehere chake, alishaandika ukutani mwa klabu kwa rangi nyekundu: MABINGWA WA KWANZA WA TAIFA.

Kipa, aliyekuwa nahodha na pia kaka wa mke wa Kufuli, aliuona ukuta ule akatabasamu tu. Magoti yake yalikuwa yamemchosha, na wote walijua hiyo ndiyo mechi yake ya mwisho.

Kabla ya kuingia uwanjani aliwaeleza wenzake kanuni iliyopitishwa asubuhi hiyo. Treni ya wageni inaondoka jioni, mechi haitarudiwa. Wakitoka sare, zitahesabiwa kona, na aliyepata kona nyingi ndiye bingwa. Wakati huo Kufuli alikuwa nyuma ya mlango akiigiza mwendo wa refa, tumbo limetangulia, mwenyewe anafuata, na wenzake wawili wanajiziba midomo.

"Umesikia, shemeji?" kipa akauliza.

"Nimesikia, shemeji. Tusifungwe!"

Chumba kizima kikacheka. Refa akagonga mlango, wakatoka.

Kufuli alicheza siku ile, asikudanganye mtu. Kila mpira uliomjia aliubutua nyuma ya goli lake mwenyewe, mwingine ukatua juu ya paa la ghala, kisha akawainamia mashabiki kama bwana harusi. Mashabiki, ambao kanuni hawakuambiwa, walimpigia makofi.

"Toa pembeni!" kipa alikuwa akifoka, sauti imemkauka. "Pembeni, wewe!"

"Tulia, shemeji, goli liko salama!"

Na kweli lilikuwa salama. Filimbi ya mwisho ikalia, bila kwa bila. Kufuli akambeba winga mabegani, akaanza kuimba. Ndipo akaona wageni wanarukiana shingoni na refa anawapa mkono.

"Hawa nao wanashangilia nini?"

Winga akateremka taratibu. Hakumtazama usoni. "Kona zako."

Kufuli akaukatisha wimbo. Alimtafuta kipa kwa macho akamwona ameketi chini golini, anavua glovu.

Asubuhi, Kufuli alikuwa ukutani na tambara lililolowa mafuta ya taa. MABINGWA lilishatoka, limebaki doa jekundu, na nyekundu nyingine inamtiririkia hadi kwenye viwiko. Wapita njia walimsalimia kwa upole, na upole huo ulimuuma kuliko matusi. Kipa akatokea na mfuko wake wa ufundi bomba, anaelekea kazini. Kufuli akatafuta mzaha, kwa mara ya kwanza maishani akaukosa.

"Shemeji, lakini goli halikuingia. Hilo useme."

"Halikuingia."

"Basi ungekuja ukanikamata shati, ukaniambia!"

"Nilikuambia ukiwa nyuma ya mlango."

Masikio ya Kufuli yakawaka. Akasugua ukuta kwa nguvu, asionekane macho.

"Dada yako tangu jana hajanisemesha. Sikiliza, shemeji, nakuapia, mwakani kombe letu. Nitarudi hapa hapa niandike upya maneno haya yote."

Kipa akatua mfuko chini, akayatazama yale ambayo tambara lilikuwa bado halijayafikia.

"Yote, shemeji? Hata hilo la 'wa kwanza'?"